Hesabu Kimya cha Mkufunzi, Usihesabu Saa

Swali ni lile lile, na huulizwa na watu wa aina mbili. Kijana wa Chepseon, Kericho, aliyeanza masomo ya urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, huuliza: "Nitaruka peke yangu baada ya saa ngapi?" Mzazi wake, aliyelipia saa hizo kwa bonasi ya majani chai, ng'ombe wawili na mchango wa majirani, huuliza: "Mbona bado?" Kwa hakika hilo ni swali moja, na jibu linalozunguka mitaani limewatia wengi presha isiyo na faida. Inasemwa kwamba mwanafunzi hodari huruka solo baada ya saa 10 na mzito baada ya 20. Kwa hiyo anayefika saa ya 15 akiwa bado na mkufunzi kando yake huanza kujiona ameshindwa, nyumbani nako wanaanza kuhesabu hasara.

Solo ni safari ambayo mwanafunzi yuko peke yake ndani ya ndege. Ya kwanza kwa kawaida ni mzunguko mmoja wa uwanja: kupaa, kuzunguka, kutua. Huisha kwa dakika chache. Makala haya yanatetea jambo moja: dakika hizo si mtihani wa ujasiri wala tuzo ya kumaliza saa fulani. Ni marudio ya kazi ambayo umekwisha kuifanya mara nyingi huku mkufunzi amekaa kimya, mikono yake mapajani. Kwa hiyo usihesabu saa, hesabu kimya chake. Mchumaji wa chai hachumi kwa sababu kalenda imesema. Huchuma kwa sababu ameona majani mawili na chipukizi yamefikia kiwango chake.

Sheria inasema nini

Kanuni za Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na zinafuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Leseni ya mwanafunzi hutolewa kuanzia umri wa miaka 16, na leseni ya rubani binafsi kuanzia miaka 17. Kiwango cha kimataifa cha leseni hiyo ya pili ni saa 40 za kuruka. Kati yake, 10 ziwe za solo, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari ya kutoka uwanja hadi uwanja, ikiwemo safari moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Hizo ni namba nyingi, lakini tazama ile isiyokuwepo: hakuna idadi ya saa ambayo ukiifikia lazima uachiwe ndege. Kinachotakiwa ni kwamba mwanafunzi asiruke solo bila idhini au usimamizi wa mkufunzi mwenye leseni. Kanuni iliyohesabu kila kitu kingine imeiacha siku hiyo mikononi mwa mtu aliyekutazama ukiruka, na ina sababu nzuri. Saa huonyesha muda uliokaa kwenye kiti. Hazionyeshi ulichokuwa ukifanya ndani ya muda huo.

Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza

Kosa la kwanza la solo hufanyika nyumbani, miezi mingi kabla ya ndege kuonekana. Familia hukusanya fedha za kuanzia bila kujua zitatosha saa ngapi, mtoto anaruka wiki tatu, fedha zinaisha, anarudi Chepseon kungoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai inayolipwa karibu Oktoba. Akirejea Wilson, saa tatu au nne za kwanza zinatumika kurudisha alichosahau. Mkono hupoteza kazi ya kutua haraka kuliko kichwa kinavyopoteza somo la darasani. Kwa hiyo wanaodhani wanaokoa fedha kwa kuanza mapema mara nyingi ndio wanaolipa zaidi. Kawia ufike: kusanya kwanza fedha za kukufikisha solo bila kukatiza, ndipo uanze.

Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Pima afya kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Rubani binafsi anahitaji cheti cha afya cha daraja la 2, na anayekusudia kuwa rubani wa kulipwa anahitaji cha daraja la 1. Kama hilo la kulipwa ndilo lengo, pima kwa daraja la 1 tangu mwanzo. Ni afadhali kujua leo kuwa macho yako hayatofautishi rangi vizuri kuliko kulijua baada ya kuuza ng'ombe.
2. Hakikisha shule ina kibali cha KCAA cha kufundisha. Omba kukiona, na uangalie tarehe ya mwisho wake.
3. Lipa kwa awamu, kila awamu kwa risiti. Uliza kwa maandishi utarudishiwa nini ukiacha, ukiugua au ndege ikiharibika.
4. Uliza shule ina ndege ngapi zinazoruka wiki hii, na wakufunzi wangapi. Ndege iliyo gereji haikufundishi chochote.
5. Panga kuruka mara tatu kwa wiki au zaidi hadi solo. Mara moja kwa wiki ni kujaza maji katika ndoo inayovuja.
6. Zoeza ulimi. Mazungumzo ya redio Wilson ni ya Kiingereza, na ICAO inataka angalau daraja la 4 la umilisi wa lugha hiyo. Aliyekulia katika Kipsigis na Kiswahili hana upungufu wowote, ila anahitaji mazoezi: sema kwa sauti kila siku maneno ya mzunguko mzima, kuanzia ombi la kuondoka hadi kutoka kwenye njia ya kurukia, mpaka yakutoke bila kufikiri.

Namna ya kuhesabu kimya

Nunua daftari dogo, mbali na kile kitabu rasmi cha kumbukumbu za safari. Kila mnapotua, kabla ya chai, andika mambo mawili: mkufunzi alisema nini bila kuulizwa, na aligusa nini. "Kulia kidogo" ni neno moja. "Ongeza moto", yaani nguvu ya injini, ni la pili. Mguu wake kwenye kanyagio la usukani wa mkia ni mguso, hata kama hukuuona, kwa hiyo muulize: "Mwalimu, ulinisaidia wapi?" Wakufunzi wengi husaidia kwa mazoea na watakujibu kwa ukweli. Baada ya safari sita au saba daftari litakuonyesha kitu ambacho saa hazikionyeshi: maneno yanapungua, au yanabaki yale yale mahali pale pale. Neno linalojirudia safari tatu ndilo somo lako la wiki. Likiwa "kasi", basi shida yako ni kasi, na huna haja ya kujihukumu kuwa hufai urubani.

Uko karibu na solo pale daftari linapoonyesha yafuatayo, safari tatu mfululizo, na si siku moja ya bahati:

- Umetua bila neno wala mguso, katika upepo usiofanana.
- Umeahirisha kutua ukapaa tena kwa uamuzi wako mwenyewe, kabla mkufunzi hajasema.
- Umerudisha ndege katika hali ya kawaida mabawa yalipopoteza nguvu ya kuinua, bila kutetereka.
- Umefanya zoezi la injini kuzima ukachagua uwanja wa kutua kwa sauti, na sababu zake.
- Umeona ndege nyingine kabla ya mkufunzi kukuonyesha.
- Umesikia redio ikikupa agizo usilolitarajia ukalijibu sawasawa, au ukaomba lirudiwe.

Lile la pili lina uzito kuliko yote. Kutua vizuri kunaweza kuwa kumezoewa tu. Lakini anayeweza kukataa kutua kubaya akiwa bado ana mtu wa kumwokoa, ndiye atakayekataa akiwa hana.

Wilson haiko usawa wa bahari

Vijana wengi hujifunza kwa video za mtandaoni, na nyingi kati ya hizo zimepigwa Florida au Uingereza, viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, yaani karibu mita 1,690. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua huifanya nyepesi zaidi. Adhuhuri ya nyuzi 25 za Selsiasi, ndege iliyo Wilson hufanya kazi kana kwamba iko kwenye futi 8,000 hivi. Katika hewa hiyo injini ya kawaida ya ndege ya mafunzo hutoa takribani robo tatu tu ya nguvu zake. Ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, na hupanda polepole. Anayengoja ipande kama alivyoona kwenye simu atanyanyua pua kupita kiasi ili kuilazimisha, na hapo ndipo mabawa hupoteza nguvu.

Wakati wa kutua kuna mtego wa pili. Saa ya kasi ndani ya ndege itasoma kama kawaida, lakini kwa sababu ya wepesi wa hewa, ndege inapita juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi hiyo kwa asilimia 12 au 13 pale kusipokuwa na upepo. Macho yanaona ardhi ikikimbia, mwili unasema "punguza", na mwanafunzi anapunguza kasi iliyokuwa sahihi mpaka inakuwa ndogo kuliko inavyotakiwa. Kanuni ya kushika ni hii: kwenye mstari wa mwisho amini saa ya kasi, usiamini ardhi. Na muulize mkufunzi akuonyeshe mapema jinsi ya kupunguza petroli kwenye mchanganyiko wa injini kwa kimo cha Wilson, kwani vitabu vingi vinavyouzwa vimeandikiwa viwanja vya chini.

Kiti kikiwa kitupu

Ndege ya Cessna 152, iliyofundisha vijana wengi duniani, ina uzito wa mwisho wa kilo 757 wakati wa kupaa. Mkufunzi wa kilo 80 akishuka, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo imeondoka. Hilo si jambo la hisia, ni la fizikia, na linaeleza karibu kila mshangao wa solo. Ndege itaacha ardhi mapema kuliko ulivyozoea. Itafika kimo cha mzunguko kabla hujamaliza ukaguzi wako. Ikishuka, itataka kubaki juu, na karibu na ardhi itaelea mbali zaidi kabla ya magurudumu kugusa. Kwa kuwa uzito umebaki upande wako tu, itavuta kidogo kushoto. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kwamba kuna kitu kimeharibika. Mwambie mkufunzi akueleze haya siku tatu kabla, ili yakitokea uyatambue kama mgeni uliyemwalika.

Kabla mkufunzi hajafunga mlango kwa nje, hakikisha:

- Mkanda wa kiti chake umefungwa na kukazwa, usije ukanasa kwenye usukani.
- Vifaa vyake vya masikioni vimeondolewa, na hakuna chupa, kalamu wala daftari linalotembea sakafuni.
- Kiti chako kimejifunga kwenye reli zake. Kisukume kwa nguvu mbele na nyuma. Kiti kilichoteleza nyuma wakati wa kupaa kimewahi kusababisha ajali za Cessna, kwa sababu rubani huvuta usukani ajishikilie.
- Simu imezimwa na iko mfukoni. Picha zitapigwa na walio chini.

Asubuhi ya siku yenyewe

Mtu aliyekulia Chepseon ana elimu ya hali ya hewa ambayo mwenzake wa mjini hana, na aitumie. Unyevu wa Ziwa Victoria hukutana na vilima vyetu, mawingu hujijenga baada ya adhuhuri, na mawe hushuka juu ya majani chai. Nyanda za Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, hata mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zikaanza kutumwa kurusha iodidi ya fedha kwenye mawingu hayo ili mawe yapungue. Nairobi si Kericho, lakini somo ni lile lile: wingu linalokua kwenda juu ni la kuheshimiwa, na asubuhi tulivu ina thamani. Kuanzia Juni hadi Agosti tabia hubadilika. Nairobi huamka chini ya blanketi la mawingu mazito ya chini, na solo itangoje yainuke hata kama ulikuwa tayari tangu alfajiri.

Jikague mwenyewe kabla ya kukagua ndege:

1. Umelala? Usiruke Jumatatu asubuhi baada ya kusafiri usiku kucha kwa matatu kutoka nyumbani kupitia Mau Summit na Nakuru.
2. Umemeza dawa? Piriton na dawa nyingi za mafua huleta usingizi. Muulize daktari wa usafiri wa anga, usimuulize mwuza dawa.
3. Umekula? Njaa hupunguza akili kabla hujaisikia tumboni.
4. Umekunywa pombe? Siku nzima ipite bila tone.
5. Una mzigo moyoni? Msiba, ugomvi au deni la karo huingia nawe ndani ya ndege. Mwambie mkufunzi. Hatakudharau.

Mzunguko mmoja, hatua kwa hatua

Fuata utaratibu wa shule yako na kitabu cha ndege yako, maana haya hayachukui nafasi yake. Yanakuonyesha tu pa kuweka akili.

1. Kabla ya kuingia njia ya kurukia: orodha ya ukaguzi yote, kidole kwenye kila mstari, kwa sauti. Hata ukiijua kwa moyo, isome. Angalia kwa macho yako njia ya kukaribia, hata kama mnara wa kuongozea ndege umekuruhusu.
2. Kukimbia na kupaa: saa za injini ziko sawa? Saa ya kasi imeanza kusoma? Lolote likikataa, rudisha moto, funga breki, simama. Kuacha kupaa ukiwa ardhini ni uamuzi wa bei nafuu kuliko yote.
3. Kupanda: shika kasi iliyoandikwa. Usikimbize kimo.
4. Upande wa kufuata upepo: sawazisha, punguza moto, tegesha trimu, fanya ukaguzi, toa taarifa redioni. Kisha tazama nje, na uendelee kutazama.
5. Kuanza kushuka: washa joto la kabureta kabla ya kupunguza moto. Hewa yenye unyevu ya nyuzi 10 hadi 20, ambayo ndiyo ya asubuhi nyingi za nyanda za juu, huweza kutengeneza barafu ndani ya kabureta hata kama chini hakuna baridi ya kutisha.
6. Kugeukia mstari wa mwisho: kama umepitiliza, usilazimishe pua kwa kanyagio. Geuka kwa upole, na usipokutana na mstari, paa tena.
7. Mstari wa mwisho: shule huweka kimo ambacho hapo kila kitu kiwe kimetulia, yaani kasi, mstari na ulinganifu. Kisipotulia, usijadili. Moto wote, pua juu kwa kipimo, flapu kwa hatua, redio baadaye.
8. Kugusa: ndege itaelea. Subiri. Shikilia pua, acha magurudumu makuu yaguse kwanza.
9. Baada ya kutua: toka kwenye njia ya kurukia, simama kabisa, ndipo ushike flapu na vitufe vingine. Wengi hutua vizuri kisha wakaharibu wakiwa tayari chini.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kushuka kwa kasi kubwa "kwa usalama". Kasi ya ziada pamoja na ndege nyepesi huzaa kuelea, kuelea huzaa papara, papara humfanya mwanafunzi asukume usukani mbele, na gurudumu la pua hugusa kwanza. Ndege inadunda, anasukuma tena, na kila mdundo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Tiba ya mdundo haiko kwenye usukani. Iko kwenye moto: ongeza wote, paa, uanze upya ukiwa na mzunguko mzima wa kutulia.

La pili ni kuzama ndani ya ndege. Mwanafunzi aliye peke yake huangalia saa za ndege kwa wingi kwa sababu zinamtuliza. Lakini anga la Wilson lina ndege za watalii, za misafara ya abiria na za wanafunzi wenzako, zote zikielekea uwanja mmoja. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndege kubwa ilirejea salama, lakini wawili waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Msiba huo usitumiwe kumlaumu mtu hapa. Utukumbushe tu kwamba ruhusa ya mnara haifumbi macho ya rubani. Gawa muda wako hivi: sehemu kubwa nje, ndogo ndani, na kila mara kabla ya kugeuka inua macho upande unaoelekea.

La tatu ni kunyamaza redioni kwa aibu ya kukosea Kiingereza. Usipoelewa agizo, sema hukuelewa. Ukihitaji nafasi, sema wewe ni mwanafunzi na uko solo. Waongozaji wa ndege hupunguza kasi ya maneno wakisikia hivyo.

"Lakini je..."

"Je, injini ikizima niko peke yangu?" Ndege haianguki kama jiwe. Ndege ndogo ya mafunzo huteleza mbele karibu mita 8 au 9 kwa kila mita moja inayoshuka. Shusha pua upate kasi ya kuteleza, chagua mahali mbele yako, ndipo ujaribu kuwasha. Ikizima mara tu baada ya kupaa, usigeuke kurudi uwanjani kutoka kimo kidogo. Tua mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo. Ndege inaweza kuvunjika na wewe ukatoka hai.

"Je, nikikataa kuruka siku niliyoambiwa niko tayari, sitaonekana mwoga?" Utaonekana rubani. Mkufunzi mwema anayemwona mwanafunzi akisema "mwalimu, leo upepo umenizidi" amepata ushahidi ambao kutua kumi hakuwezi kumpa. Na mkufunzi anayekulazimisha amekupa sababu ya kutafuta mwingine.

"Mwenzangu ameruka saa ya 12, mimi niko ya 22. Je, sifai?" Huenda yeye alikuwa akiruka kila siku bila kukatizwa, nawe ulirudi nyumbani mara mbili kungoja fedha. Isitoshe, leseni ya rubani binafsi inadai saa 40 kwa wote wawili. Saa zako 10 za ziada kabla ya solo hazijapotea, zimo ndani ya hesabu hiyo. Hakuna shirika la ndege litakalokuajiri kwa sababu solo yako ilikuwa ya mapema.

"Je, binti yangu ataweza?" Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, upande wa pili wa Mau, alijifunza kuruka Kenya, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza akielekea magharibi, akatua katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, baada ya injini kukosa petroli kwa sababu ya barafu. Irene Koki Mutungi, Mkenya, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787, mwaka 2014. Usukani hauulizi jinsia. Unauliza mazoezi.

Neno kwa mzazi, na kwako wewe mwanafunzi

Mzazi, fedha zako ni za jasho, na una haki ya kuuliza zinakwenda wapi. Ila badilisha swali. Usipige simu kuuliza "umeruka peke yako?" Uliza "mkufunzi alisema maneno mangapi leo, na yapi?" Swali la kwanza linamsukuma mtoto kuelekea njia ya kurukia kabla hajaiva. La pili linamrudisha kwenye kazi. Mwambie pia, kwa maneno yanayosikika, kwamba akirudi chini bila kuruka kwa sababu upepo haukumpendeza, nyumbani hakuna atakayemlaumu. Kijana anayejua hilo ana nafasi zaidi ya kufanya uamuzi sahihi akiwa futi 500 juu ya ardhi, mahali ambapo sauti yako haifiki.

Nawe mwanafunzi, ukishuka siku hiyo huenda wenzako wakakumwagia maji, kama ilivyo desturi katika shule nyingi za urubani. Furahi nao. Kesho yake rudi kwenye daftari, kwa sababu baada ya solo ya kwanza kinachobadilika ni sauti ya kuhesabiwa: mkufunzi amekwisha kunyamaza, sasa ni wewe utakayejiambia "kasi", "mstari", "paa tena". Jiambie kwa sauti, na ujitii.

Mlango ukifungwa na mkufunzi akatembea mbali na ndege, pasiwe na jambo jipya lililobaki mbele yako isipokuwa kiti kitupu. Ukiona bado kuna jambo jipya la pili, mwite arudi.